Video zote nimeangalia, mbona hakuna kinachobaki?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 46, natunza stoo ya dawa katika hospitali ya wilaya, mwaka wa 14 sasa. Nimelipia kwa hela yangu kozi ya mtandaoni ya usimamizi wa ugavi, ya wiki 12. Naangalia video usiku watoto wakishalala. Niko wiki ya saba, sijaruka video hata moja, na majaribio ya kila wiki napata 80, 90. Lakini juzi mganga mfawidhi aliniuliza jambo tulilosoma wiki ya tatu, nikabaki nimetoa macho. Halafu mwezeshaji wetu hafundishi. Anaweka video ya dakika tano au sita, anatupa maswali, anatutaka tuandike kwenye jukwaa la majadiliano na kila mmoja awajibu wenzake wawili. Mimi nimelipia kufundishwa, sikulipia kusoma mawazo ya wanafunzi wenzangu ambao nao hawajui. Mume wangu anasema umri umeshanipita, niache. Je, niendelee, nidai hela yangu, au nitafute kozi ya jioni ya darasani? Naona kichwa changu hakishiki tena."*

Marahaba, na pole na majukumu. Kufungua daftari saa nne usiku baada ya kazi, jiko na watoto si jambo dogo, na kwa wiki saba hukukosa hata video moja. Kwa hiyo uvivu tuuondoe kabisa kwenye mazungumzo haya.

Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kichwa chako, mwezeshaji wako na hela yako. Nianze na kichwa, maana naona ndicho kinachokuumiza zaidi, na tukishakielewa, hata malalamiko yako juu ya mwezeshaji yatabadilika sura.

Ni kweli kwamba kasi ya kushughulikia jambo geni kabisa hupungua polepole kadiri umri unavyosogea. Mpe mtu wa miaka 46 na binti wa miaka 20 fumbo la namba ambalo wote hawajawahi kuliona, na huenda binti akamaliza mapema. Lakini uwezo wa kujifunza hauzimiki, na maarifa ya kazi huendelea kuongezeka miaka mingi baada ya hapo. Tena wewe husomi jambo geni. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeandika sana juu ya elimu ya watu wazima kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alisisitiza kwamba mtu mzima huja darasani na uzoefu wake, na kwamba mafunzo yasiyougusa uzoefu huo humpita juu juu. Kijana asiyewahi kuingia stoo akisikia kwamba dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, anakariri sentensi. Wewe unaiona rafu, na lile boksi la amoksilini lililosukumwa nyuma mpaka likasahaulika. Yeye hana mahali pa kuitundika hiyo sentensi. Wewe unapo.

Na ushahidi kwamba kichwa ni kizima umeuandika mwenyewe: 80, 90. Mambo yaliingia. Yaligoma kutoka wiki nne baadaye, mganga mfawidhi akiwa amesimama mbele yako. Kuingiza na kutoa ni kazi mbili tofauti, na kwa namna unavyosoma umekuwa ukifanya mazoezi ya moja tu.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, ya kukariri silabi zisizo na maana na kupima zimebaki ngapi baada ya muda. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za kwanza, kisha kasi hiyo inapungua. Alikuwa bado kijana alipoyafanya majaribio hayo, kwa hiyo mume wako asije akayatumia kukusemea umri. Kila ubongo hufuta usichokirudia.

Sasa, kurudia kwa namna gani? Hapa ndipo wengi tunapotea. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kujaribu kuiandika kwa kumbukumbu mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na kama asilimia 61 ya yaliyomo, na waliosoma mara nne wamebaki na kama asilimia 40. Tena hao waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Jambo ulilolisoma mara nyingi, au alilokueleza mtu fasaha kwenye video, huanza kuonekana jepesi na la kawaida, nawe unauchukua wepesi huo kuwa ndio kujua. Jaribio la maswali ya kuchagua A mpaka D, unalolifanya video ikiwa imemalizika muda huo huo, linapima zile dakika tano za mwanzo. Alama zako za 90 si za uongo, ila zinajibu swali ambalo mganga mfawidhi hakukuuliza. Yeye hakukupa A mpaka D.

Kwa hiyo video peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, haitoshi. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 ulioongozwa na Kenneth Koedinger wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, uliwafuatilia watu waliokuwa wakisoma kozi ya saikolojia mtandaoni na kulinganisha faida ya kuangalia video, ya kusoma maandishi na ya kufanya mazoezi. Faida ya kufanya mazoezi zaidi ilikuwa zaidi ya mara sita ya ile ya kuangalia au kusoma zaidi. Na kuhusu hizo dakika tano au sita zinazokuudhi, mwaka mmoja kabla yake watafiti walichambua mamilioni ya mara ambazo watu walifungua video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona kwamba video iwe na urefu wowote, muda wa kati ambao watu walibaki nayo haukuzidi dakika sita. Mwezeshaji wako huenda hajipunguzii kazi. Huenda amesoma.

Hapo tumeshamfikia yeye. Unasema hafundishi. Nakuelewa, maana wengi wetu tulilelewa na picha moja ya kufundishwa: mwalimu mbele, chaki mkononi, sisi tunanakili, na siku ya mtihani tunarudisha kilekile. Mwalimu akiuliza badala ya kueleza, tunaona ametupunja. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fizikia waliofundishwa mada zilezile kwa njia mbili: mhadhara safi wa mwalimu fasaha, na kipindi cha kuhangaika na maswali katika vikundi kabla ya kuonyeshwa majibu. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani. Ila walipoulizwa wanahisi wamejifunza kiasi gani, waliosikiliza mhadhara ndio waliojipa alama za juu. Ule uzito unaousikia unapotakiwa kuandika jibu lako mwenyewe, na ile hasira ndogo inayokuja nao, mara nyingi ndio wakati kichwa kinafanya kazi.

Na hii si fasheni iliyoletwa na intaneti. Wazee wako wanaweza kukusimulia habari za Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya Tanzania ya mwaka 1973, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ilikuwa elimu ya masafa, kwa redio. Lakini redio haikuachiwa iseme peke yake. Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadili tatizo hilo kwao likoje, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Waliopanga kampeni ile walijua kwamba mtu mzima akisikiliza habari za malaria na kurudi nyumbani bila kufanya lolote, kilichofanyika ni matangazo tu. Kozi yako ina viungo vilevile, kipindi, kijitabu, kikundi na kazi ya mikono. Wewe umechukua kipindi ukaviacha vingine vitatu.

Sasa lile jukwaa la majadiliano. Sitakudanganya, mengi ni makavu. Nimesimamia kozi ambazo ukurasa mzima ni "Nakubaliana na wewe, mchango mzuri", na siku hizi kuna wanaoagiza akili mnemba iwaandikie, kisha mwenzao anaagiza akili mnemba imjibu, na binadamu wote wawili wamelala. Kama jukwaa lenu liko hivyo, una haki ya kuchoka. Lakini lawama yako ilikuwa nyingine: kwamba wenzako hawajui. Hiyo ndiyo faida yake. Michelene Chi, mtafiti wa elimu wa Marekani, pamoja na Ruth Wylie, walieleza mwaka 2014 kwamba ujifunzaji una ngazi. Chini kabisa yupo anayepokea tu. Juu yake yupo anayegusagusa, anapigia mstari, ananakili. Juu zaidi yupo anayezalisha kitu ambacho hakikuwemo kwenye somo, kama maelezo yake mwenyewe au mfano wake. Na juu kabisa ni wawili wanaozalisha huku wakijibizana. Anayejua kila kitu ukimsikiliza unabaki ngazi ya kwanza. Mwenzako anayetunza ghala la saruji akiandika jambo ambalo wewe unaona lina kasoro, inabidi utafute kasoro iko wapi na uieleze kwa heshima, na hapo umepanda mpaka ngazi ya nne bila hata kujua.

Tuchukue mfano wa kazini kwako, maana nadharia imetosha. Sijui mganga mfawidhi alikuuliza nini hasa, lakini kwenye kozi za ugavi mada za mwanzo huwa ni kiwango cha kuagiza, yaani dawa ikibaki kiasi gani ndipo uagize, kwa hiyo tuseme ni hicho. Video inasema: chukua matumizi ya wastani kwa mwezi, zidisha kwa miezi ambayo mzigo huchukua kufika ukijumlisha na miezi ya akiba ya tahadhari. Dawa fulani inatoka makopo 120 kwa mwezi, mzigo unachukua miezi 2, akiba yako ni mwezi 1. Unaagiza ikibaki 360. Ukisikiliza, unatikisa kichwa: rahisi.

Sasa zima video. Kesho ukifika kazini, fungua leja ya dawa moja tu, uandike miezi sita iliyopita ilitoka kiasi gani. Utakuta makopo 118, 125, 60, 122, 119, 116. Ukijumlisha na kugawa kwa sita unapata 110, na kiwango chako cha kuagiza kinakuwa 330. Lakini wewe uliyekaa mle ndani unaikumbuka ile 60. Wagonjwa hawakupungua, dawa iliisha stoo kwa nusu mwezi. Ungekuwa nayo mwezi mzima, ingetoka kama 120. Ukiirekebisha, wastani unarudi 120, na 360 ndiyo sahihi. Usipoirekebisha, utachelewa kuagiza, dawa itaisha tena, leja itaandika matumizi madogo tena, na kosa litajizalisha mwezi hadi mwezi.

Umeona kilichotokea? Swali la "mwezi ambao dawa iliisha unahesabiwaje?" video ya dakika sita huenda haikuligusa. Limetoka kwako. Hilo ndilo la kuandika jukwaani, pamoja na namba zako (jina la hospitali weka kando). Yule wa saruji atakujibu kwamba kwake ni msimu wa mvua, watu hawajengi, na matumizi yanashuka huku mzigo upo tele. Je, naye arekebishe? Hapana, na ukishaweza kumweleza kwa nini hapana, mganga mfawidhi akikuuliza hutatoa macho.

Kuhusu ratiba, nitasema kidogo. Kama usiku unakaa kwa muda mrefu mfululizo, ugawe muda huo. Dakika 40 siku nne zina nguvu kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu kila unaporudi unalazimika kukumbuka ulipoishia, na huko kukumbuka ndiko kusoma kwenyewe. Kabla ya kufungua video mpya, chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka cha wiki iliyopita na cha wiki tatu nyuma, bila kuchungulia. Itakuwa aibu siku za mwanzo, hata mistari mitatu haitafika. Andika hivyo hivyo, ndipo ufungue daftari uone umeacha nini. Bando nalo litapona, maana karatasi haili data. Ile tabia ya kunakili video neno kwa neno, kama unayo, iache; daftari linakuwa zuri na kichwa kinabaki kitupu.

Sasa hela. Kwanza, kuacha kozi ya mtandaoni hakumaanishi umri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 juu ya kozi huria za MIT na Harvard ulionyesha kwamba mwaka 2017 hadi 2018 ni kama asilimia 3 tu ya waliojiandikisha waliomaliza. Kwa waliolipia cheti ilikuwa kama asilimia 46. Wewe umelipia na umefika wiki ya saba, kwa hiyo hata takwimu ziko upande wako kuliko mume wako anavyodhani.

Ila zipo kozi mbovu, na sitaki ubaki kwenye moja kwa sababu ya maneno yangu mazuri. Muulize mwezeshaji swali moja la kazi yako halisi. Wiki ikipita hakuna jibu, andika pembeni. Tazama kama kuna kazi hata moja ambayo binadamu ameisoma na kukurudishia maoni. Kama kila kitu ni maswali ya kuchagua unayoweza kuyarudia mpaka mfumo ukupitishe, hapo unauziwa cheti. Kama maswali anayowapa hayahusiani na video wala na kazi ya mtu yeyote, tena andika. Yakikutana hayo matatu, dai hela yako kwa kadiri masharti uliyokubali yanavyoruhusu, ingawa baada ya nusu ya kozi wengi hawarudishi. Ikiwa ni kwamba tu masomo yanachosha na yanakulazimisha kufikiri, baki.

Darasa la jioni lina faida moja kubwa kwa baadhi ya watu: linakutoa nyumbani. Kama usiku unakatishwa mara tano na mtoto anayeomba maji, saa mbili za kukaa mahali pengine zina thamani hata mwalimu akiwa wa kawaida. Lakini ukienda kule kukaa nyuma na kunakili ubaoni, utarudi na tatizo hili hili, na utakuwa umelipa nauli juu. Kuna njia ya katikati ambayo mimi naipenda: tafuta mmoja au wawili wa kozi yenu walio wilaya au mkoa wenu, mkutane mara moja kwa wiki mbili, kila mmoja na leja yake. Vituo vya mikoa vya Chuo Kikuu Huria na vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima navyo ni mahali pa kwenda kuuliza ana kwa ana. Wamezoea wanafunzi wenye familia na kazi.

Suala la cheti lishughulikie wiki hii, usingoje wiki ya 12. Mwone afisa utumishi wako umuulize kama cheti hicho kina uzito wowote kwenye faili lako. Kama lengo ni kusajiliwa kitaaluma, ulizia Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi wanatambua nini. Kozi fupi inaweza kukufanya uwe hodari stoo na bado isikupandishe daraja, na ni bora ulijue hilo sasa.

Limebaki jambo ambalo video wala mimi hatuwezi kulimaliza. Kwenye miaka ya arobaini na kitu macho ya kusomea karibu huanza kuchoka, na kusoma kwenye simu usiku taa ikiwa hafifu huleta maumivu ya kichwa ambayo mtu huyaita "kichwa hakishiki". Kapime macho, uko hospitali tayari. Vilevile, wanawake wengi wanapokaribia ukomo wa hedhi hupitia miezi ya usingizi mbovu na umakini kupotea. Inatibika au angalau inaelezeka, na daktari au muuguzi unayemwamini anaweza kukaa nawe. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu wa namna hiyo pia. Na kama unasahau mambo nje ya masomo, mfano umeshatoa dawa dirishani na hukumbuki, au huzuni haikuachii kwa wiki kadhaa, nenda kamwone daktari mapema, usingoje kozi iishe.

Kama hayo hayapo, fanya hivi kwa wiki mbili zinazokuja: karatasi tupu kabla ya kila video, na dawa moja ya stoo yako kwa kila mada. Kisha rudi kwenye ile ya wiki ya tatu, umweleze mume wako kwa sauti, bila daftari. Akikuuliza swali usiloweza kulijibu, mpelekee mwezeshaji.